Maswali yenu: pumu na chakula

Mwanangu wa miaka saba ana pumu. Jirani anasema nimwachishe maziwa kwa kuwa yanaongeza makohozi. Ni kweli? (Mama, Tanga)

Hapana, mama. Maziwa yakichanganyika na mate huwa mazito kooni, ndiyo maana watu hudhani ni makohozi. Kama mtoto hana mzio wa maziwa, mpe. Anahitaji kalsiamu, hasa kama anaandikiwa mara kwa mara vidonge vya prednisolone, dawa ya kutuliza pumu ikizidi, maana vikizidi hudhoofisha mifupa. Ila akinywa akatoka vipele, akavimba midomo au akabanwa, mwahishe hospitali.

Nikibanwa usiku nakunywa kahawa ya rangi, kali, napata nafuu. Naweza kuacha inhela?

Usiache, tafadhali. Nafuu hiyo ipo kweli: kafeini ni jamaa ya teofilini, dawa ya zamani ya pumu, na hulegeza njia za hewa kidogo kwa saa chache. Lakini haimwokoi aliyebanwa sawasawa. Na kubanwa usiku mara kwa mara ni dalili kwamba pumu haijatulia. Muulize daktari kuhusu dawa ya kuzuia, ile inayovutwa kila siku hata ukiwa mzima. Ukishaivuta, sukutua maji uteme, usije ukapata utando mweupe mdomoni.

Chakula gani kinaponya pumu?

Hakuna. Mboga za majani, matunda, dagaa na vibua vinausaidia mwili, navyo ni vya bei ya kawaida. Mwenye uzito mkubwa akipunguza hata asilimia 5 hadi 10, mara nyingi hupumua vizuri zaidi.

Matunda makavu ya pakiti yananibana.

Huenda ni salfaiti, dawa ya kuhifadhi chakula. Soma pakiti: ukiona E220 hadi E228, acha.

Kila nikipika nabanwa. Ni viungo?

Kabla ya kulaumu viungo, tazama jiko lenyewe. Kwa wengi wetu, moshi wa mkaa au kuni una madhara kuliko kilichomo sufuriani. Kitunguu na pilipili vikiangukia mafuta ya moto, mvuke wake humkohoza hata asiye na pumu. Sembuse wewe, umeinamia sufuria, mlango umefungwa! Kama gesi haijawezekana, washia jiko nje, mkaa ukolee kabisa ndipo ubandike, na kuni ziwe kavu. Hata hivyo usiingize jiko la mkaa chumbani kwa kulala, likionekana halina moshi vilevile, maana hewa yake huua. Na mtoto mwenye pumu asitumwe kupuliza moto.