Walihama au walihamia? Wanorwei wa Brooklyn

SWALI: Natafsiri makala kuhusu Wanorwei jijini New York. Nimeandika: "Wanorwei wengi walihama Brooklyn, na walowezi hao wakaanzisha hospitali na gazeti lao." Mhariri amepigia mstari "walihama" na "walowezi" bila maelezo. Kosa liko wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Mhariri wako ana haki. Tuanze na kitenzi. Mtu huhama anakotoka, huhamia anakokwenda. Ukisema "walihama Brooklyn" umesema waliondoka, ilhali makala yako inazungumzia kufika kwao.

Tena sentensi yako ni ya kweli, ila kwa kipindi kingine. Katika karne ya 19 Wanorwei walihamia Brooklyn, kwanza Red Hook karibu na gati, halafu wakasogea Sunset Park na Bay Ridge. Barabara ya Nane ya huko ilibandikwa jina Lapskaus Boulevard, kwa ajili ya lapskaus, mchuzi mzito wa nyama na viazi wanaoupenda. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia wengi wao walihama Brooklyn, wakaenda Staten Island na New Jersey, na leo barabara hiyo ni mtaa wa Wachina. Kwa hiyo msomaji wako hatashtuka akiona "walihama". Ataamini tu jambo la wakati mwingine. Ndiyo maana kosa hili naliona baya kuliko la tahajia.

Sasa "walowezi". Kulowea ni kukaa ugenini moja kwa moja, na kwa maana hiyo tupu neno lingeweza kupita. Lakini haliko tupu tena. Kwa msomaji wa Kenya, mlowezi ni mtu aliyekuja kuchukua ardhi, na nyanda za juu zilizotwaliwa na Wazungu zinamjia akilini papo hapo. Wanorwei wa Brooklyn walikuwa mabaharia, maseremala, wajenzi wa gati na wasichana wa kazi za nyumbani. Wengi walipanga vyumba, hawakugawiwa mashamba. Waite wahamiaji.

Ila usilitupe neno lenyewe. Wanorwei waliokwenda Minnesota na Dakota, wakajipatia mashamba kwa sheria ya Marekani ya kugawa ardhi ya mwaka 1862 kwenye ardhi waliyokuwa wamenyang'anywa wenyeji, hao ni walowezi hasa. Taifa ni moja, lakini historia zao ni mbili, na Kiswahili kinakupa neno la kila moja. Tumia kila moja mahali pake.

"Wahamaji" pia halifai hapa; hao ni watu wa kuhamahama, kama wafugaji wanaofuata malisho. Na ukifika kwenye mabaharia walioacha meli zao New York kwa sababu mishahara ya meli za Kimarekani ilikuwa mizuri zaidi, usikimbilie "wazamiaji", hata kama vijana wa bandarini wamelizoea. Mzamiaji hujificha melini asionekane. Hawa walikuwa mabaharia halali walioajiriwa, wakashuka na hawakurudi: walitoroka meli.

Kuna jambo hukuuliza, lakini litakukuta mbele. Watoto waliozaliwa Brooklyn na kuandamana na bendera kila tarehe 17 Mei, sikukuu ya katiba ya Norwei ya 1814, hawakuhamia popote. Andika "Wamarekani wenye asili ya Norwei".

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Wanorwei wengi walihamia Brooklyn. Mwaka 1883 aliwasili Elisabeth Fedde, muuguzi wa Kilutheri kutoka Norwei, akaanza kuwahudumia mabaharia na maskini, na kazi yake ikazaa hospitali. Mwaka 1891 wahamiaji hao wakapata gazeti lao la Kinorwei, Nordisk Tidende."