Kitambaa cheusi cha kuzuia magugu: kilipofaa kwangu na kilipoharibu

Dada, umeuliza kama ununue kile kitambaa cheusi utandike bustani yote ya nyuma ya nyumba, kwa sababu lumbugu, lile gugu la nyasi linalotambaa ardhini, imekushinda na mvua za Machi zimekaribia. Nimekitumia miaka minne hapa Busia. Nunua cha njia na cha mipasheni, lakini matuta ya mboga usiyafunike nacho.

Kwanza, hiki si kavera, yaani karatasi ya plastiki. Kavera haipitishi maji: mvua inasimama juu na udongo wa chini unabaki mkavu. Kitambaa hiki ni nyuzi za plastiki zilizofumwa kama gunia la sukari. Maji na hewa vinapenya, mwanga haupenyi. Hakina dawa yoyote ndani. Majani yanakufa kwa kunyimwa mwanga tu, kwa hiyo gugu lenye akiba yake ardhini halifi upesi.

Mimi mwaka wa kwanza nilifyeka nikatandika, nikijua kazi imekwisha. Baada ya miezi kama mitatu lumbugu (wengine huiita sangari) ikaanza kuchomoza kwenye matundu niliyopandia pilipili. Nikainua ukingo. Chini nilikuta mizizi myeupe iliyonyooka, ncha kali kama sindano, imetambaa zaidi ya mita moja gizani ikitafuta pa kutokea. Gugu la ndago nalo halikungoja tundu, lilipenya katikati ya nyuzi.

Basi chimba kwanza. Tumia jembe la meno, kwa sababu jembe la kawaida hukata mizizi vipande na kila kipande chenye pingili kinaota upya. Chimba sasa wakati wa jua, kung'uta udongo, anika mizizi juu ya bati mpaka ivunjike mkononi. Usiitupe kwenye mboji ikiwa mbichi. Ngoja wiki mbili au tatu, itakayochipua ichimbe tena, ndipo utandike.

Kwenye matuta ya mboga kitambaa kiliniumiza kweli. Samadi huwezi kuichanganya bila kufumua kila kitu. Dodo (mchicha) na nakati, mboga za majani zinazojiotea zenyewe kutokana na mbegu za msimu uliopita, zile zinazotulisha wiki ambayo mfukoni hamna kitu, zote zilikosa njia. Na nilipokitoa baada ya misimu mitatu, udongo ulikuwa umeshikana kama sakafu ya nyumba. Ilinichukua mwaka mzima wa samadi na nyasi kuurudisha. Kwenye migomba pia usijaribu: machipukizi yanakiinua kama hema, mengine yanapinda chini kwa chini.

Kilipofaa ni chini ya mipasheni na kwenye njia, mahali ambapo huchimbi kwa miaka. Pishanisha vipande shibiri moja, fukia kingo, na kishikize kila nusu mita kwa waya mnene uliopindwa kama U. Tundu la mche usilikate kwa kisu, nyuzi zitaanza kufumuka. Weka mkebe mtupu wa maziwa kwenye sigiri mpaka uwe mwekundu, ushike kwa koleo, ubonyeze: linatoka duara safi na ukingo umeyeyuka ukashikana. Fanya kazi hii nje, ule moshi ni mbaya. Lipanue tundu kiasi kwamba kitambaa kisiguse shina, kwa sababu rangi nyeusi inachemka juani na mche mchanga unaungua.

Halafu kifagie. Wengi hurundika nyasi juu ili kipendeze. Nyasi zinaoza zinakuwa udongo, kishona nguo kinaota papo hapo juu, mizizi yake inaingia kwenye mfumo wa nyuzi, na ukiling'oa gugu unang'oa na kitambaa.

Usishawishike kupasua magunia ya mchele ili kupunguza gharama. Jirani yangu alifanya hivyo. Gunia halikutengenezwa likae juani, na kabla ya mwaka kwisha yalichanika nyuzi nyuzi. Mwezi uliopita nilimsaidia kumfungua kuku aliyevimba mguu, uzi umemzunguka mpaka kwenye nyama. Bado anaokota nyuzi hizo kwenye udongo kila anapolima.

Matuta yako ya mboga yafunike kwa nyasi kavu, majani ya migomba au maganda ya kahawa, unene wa vidole vinne, mbali kidogo na mashina. Nyasi zikatwe kabla hazijatoa mbegu. Mchwa watakula sehemu, utaongeza, na kinachobaki kinaingia ardhini. Utapalilia bado, lakini kwa mkono, asubuhi udongo ukiwa na unyevu, na gugu linatoka na mzizi wake.

Kama fedha inatosha mita chache tu, anza na njia inayopakana na uwanja wa jirani, maana lumbugu kwa kawaida huingilia pembeni. Ukingo wa upande huo ufukie kina cha kiganja, kutoka ncha za vidole mpaka kifundo cha mkono.