Meza ya Bi Fundi: Maswali ya kidole na kompyuta

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia mahali pamoja: kile kidude cha kuwekea kidole kwenye laptopu. Sishangai. Laptopu za mtumba zilizotoka kwenye maofisi ya Ulaya zimejaa madukani, na nyingi zinacho. Waliouliza bei wanisamehe, bei ya Kariakoo ya asubuhi si ya jioni.

Shikamoo Bi Fundi. Nimenunua ThinkPad T480 iliyotumika. Upande wa kulia, chini ya kibodi, kuna kimraba cheusi. Muuzaji alisema ni cha alama za vidole. Nakigusa, nakigusa tena, hakifanyi kitu. Nikiingia kwenye mipangilio naambiwa kwamba chaguo hilo halipatikani kwa sasa. Nimeuziwa kimeo? — Mwalimu wa sekondari, Newala

Marahaba mwalimu. Usiende kumkaba muuzaji bado. Wengi wao hupiga Windows upya, ikishawaka wanaona kazi imekwisha, na draiva za vitu vidogo, yaani programu za kuiunganisha Windows navyo, hawazigusi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, chagua "Device Manager", kisha tafuta mstari ulioandikwa "Biometric devices". Kama haupo, na kuna kifaa kingine chenye alama ya njano, tatizo lako ni draiva. Ingia "Windows Update", fungua sehemu ya "Optional updates", uone kama inakungoja humo. Isipokuwepo, nenda tovuti ya Lenovo yenyewe, andika namba iliyo chini ya laptopu, watakupa draiva ya mashine yako. Zile tovuti zinazojitapa kuwa na draiva za kompyuta zote duniani ziache kama zilivyo. Wateja wangu wengi wenye virusi walianzia huko.

Kama hakuna mstari wala alama ya njano, huenda kisomaji kimezimwa ndani kabisa. Zima mashine, iwashe huku ukigonga F1, ingia "Security", halafu "I/O Port Access", uangalie kama "Fingerprint Reader" imeruhusiwa. Napo ikiwa sawa, basi pengine waya wake umeachiwa hewani na fundi aliyewahi kuifungua. Hiyo lete mezani.

Ukiwa bado kwenye ukurasa huo wa F1, kuna jambo ambalo wanunuzi wa mtumba hawalijui. Mashine hizi zinaweza kutunza alama za vidole ndani ya chipu ya kisomaji, nje ya Windows. Kupiga Windows upya hakuzifuti. Ingia "Security", kisha "Fingerprint", chagua "Reset Fingerprint Data", vidole vya karani wa watu wa huko ilikotoka viondoke. Ni kazi ya dakika moja, na mimi huifanya kwa kila mashine ya mtumba inayopita hapa, hata mteja asiponiomba.

Sasa kusajili. Windows haitakubali kidole chako mpaka uwe na namba ya siri, ile wanayoiita PIN. Ukifika "Settings", "Accounts", "Sign-in options", itakudai hiyo kwanza. Watu wakiona hivyo wanaandika 1234 ili wawahi kufika kwenye kidole, na hapo ndipo ninapogombana nao. Kidole kikikataa, mlango unaofuata ni namba hiyo. Mwizi wa laptopu yako hatahangaika na kidole, atajaribu namba, tena ataanza na mwaka wako wa kuzaliwa. Pale unapoiandika kuna kisanduku cha "Include letters and symbols". Kitie alama, uandike kitu kirefu chenye herufi. Faida moja ya PIN ni kwamba imefungwa kwenye mashine hiyo hiyo: mtu akiijua akiwa Lindi, na laptopu iko kwako Newala, haimsaidii.

Wakati wa kusajili, kaa kama unavyokaa siku zote. Kama unafanyia kazi kitandani laptopu ikiwa mapajani, isajilie hapo hapo. Watu hukaa wima mezani, kidole kimenyooka kama wanapiga picha ya pasipoti, kesho yake wanakuja kukigusisha ubavu halafu wanalalamika. Gusa, nyanyua, gusa tena. Ikikuomba pembe nyingine, geuza kidole kidogo, ilaze ncha, ulaze na ubavu. Sajili kidole kimoja kila mkono, siku moja utajikata.

Na chaki, mwalimu! Vumbi la chaki hukausha ngozi na kujaza mistari ya kidole. Ukitoka darasani nawa, jifute vizuri, ndipo uguse. Kisomaji chenyewe kifute kwa kitambaa laini kikavu.

Shikamoo mama. Mama yangu anabangua korosho, na ndiye mweka hazina wa kikundi chao. Wamenunua laptopu ya kutunzia hesabu. Kidole chake kinakataa kila mara, mimi nikijaribu changu kinakubali. Hata wakati wa kusajili laini alihangaika hivyo hivyo. Niweke changu kwenye akaunti yake yaishe? — Binti, Masasi

Marahaba mwanangu. Hapana, usiweke. Nitakwambia kwa nini, lakini kwanza tuzungumzie mikono ya mama.

Hapa kwetu Mtwara watu hawa nawaona kila msimu. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Anayebangua bila glavu, au bila kupaka majivu au mafuta ya kujikinga, ngozi ya vidole humbabuka, inaota upya, inababuka tena. Visomaji vingi vya laptopu havipigi picha kama kamera. Vina vipande vidogo sana vya umeme vinavyopima wapi ngozi imegusa na wapi kuna bonde kati ya mistari. Mistari ikilika, kisomaji kinakuta uwanda mtupu. Ngozi ikikauka sana nayo husomeka vibaya, na ikilowa jasho mabonde yanajaa maji, yote yanaonekana sawa. Ndiyo maana wanaobeba saruji, wanaofua nguo za watu na wanaoosha vyombo hotelini wanapata shida ile ile. Wengi wao mliwaona kwenye foleni za kusajili laini kwa alama za vidole kabla ya ile tarehe ya mwisho ya 20 Januari 2020, wakisuguliwa vidole kwa kitambaa na kuambiwa wajaribu tena, kana kwamba wamefanya makusudi.

Jaribu hivi. Mama akibangua, kidole gumba na cha shahada ndivyo vinavyoshika korosho. Sajili kidole cha pete au kidole kidogo cha mkono usioshika kisu au nyundo. Jioni aoshe mikono, ajipake mafuta ya mgando kidogo, alale nayo, asubuhi ajifute ndipo msajili. Msisajili msimu wa mapumziko ngozi ikiwa nzuri, maana msimu ukianza kidole kitakuwa kingine. Sajilini wakati kazi ikiendelea.

Ikikataa, achaneni nayo. Aandike PIN yake mwenyewe, ndefu, anayoikumbuka. Hajapungukiwa na kitu chochote. Hiyo hiyo ndiyo ingemfungulia hata kama kidole kingekubali.

Sasa kuhusu kidole chako. Kompyuta hiyo ina hesabu za watu. Kidole chako kikiwa kwenye akaunti ya mama, kila utakachofanya kitaandikwa kwamba amefanya mama. Siku shilingi elfu hamsini zikipotea, kina mama wa kikundi watamuuliza yeye, na hatakuwa na la kujibu. Kama unamsaidia kuingiza hesabu, fungueni akaunti yako pembeni, usajili kidole chako humo. Windows ikisoma kidole inajua yenyewe ni cha nani na inafungua akaunti ya mwenyewe.

Sasa Fundi. Mimi natumia Ubuntu, si Windows. Kwa laptopu ya roommate wangu kidole kinafanya kazi ingawa bado inaitisha password ya kitu inaitwa keyring. Kwa yangu hata hiyo sehemu ya fingerprint haionekani kwa settings. Nifanyeje? — Mwanafunzi wa chuo, Eldoret

Poa. Kwenye Ubuntu kidole husimamiwa na programu mbili, libfprint inayojua kuongea na kisomaji, na fprintd inayoitumikia kompyuta nzima. Isipokijua kisomaji chako, sehemu hiyo haionekani kabisa. Fungua tamino (Terminal, lile dirisha la kuandikia amri), andika lsusb, utaona orodha ya vifaa na namba zake. Tafuta jina kama Goodix, Synaptics, Elan au Validity, kisha linganisha namba hiyo na orodha ya vifaa kwenye tovuti ya mradi wa fprint. Ikiwemo, weka fprintd na libpam-fprintd kwa apt, sajili kwa amri ya fprintd-enroll, halafu endesha pam-auth-update uwashe alama ya kidole. Isipokuwemo, utapoteza wikendi bure. Mwalimu wa Newala hapo juu angekuwa na Ubuntu, ningemwambia hivyo hivyo, kwa sababu kisomaji cha T480 nyingi hakimo kwenye orodha hiyo. Kuna wajuzi waliotengeneza programu ya pembeni, lakini ni ya mtu anayependa kuhangaika.

Ukikataliwa kwa ujumbe kwamba kidole hicho tayari kipo, na una Windows kwenye mashine hiyo hiyo, chipu inakitunza kile cha Windows. Kifute kwanza.

Ile keyring ya rafiki yako si hitilafu. Ni sanduku la nywila zake, limefungwa kwa nywila ya kuingilia. Kidole hakibebi nywila, kwa hiyo hakina cha kulifungulia. Akiandika nywila wakati wa kuingia, kidole akakiacha kwa ajili ya kufungua kioo baadaye, keyring haitamsumbua.

Bi Fundi, bosi ameleta kompyuta mpya, anataka wafanyakazi wote tusajili vidole. Mwenzetu mmoja amegoma, anasema picha za vidole zinapelekwa Marekani, na kidole kikiibiwa hakibadiliki. Ni kweli? — Mhasibu, Moshi

Mwenzenu ana nusu ya ukweli. Windows haitunzi picha ya kidole. Inatunza muhtasari wa alama zake, ndani ya mashine hiyo, na Microsoft wenyewe wanasema hautoki humo. Mac nayo inautunza kwenye chipu yake. Hilo la Marekani mwambie atulie.

La kutobadilika ni kweli. Nywila ukiibiwa unaweka nyingine, vidole unavyo kumi tu. Tena hukiachi kidole nyumbani: kiko kwenye glasi, kwenye mpini wa mlango, kwenye kioo cha simu. Mwaka 2002 Tsutomu Matsumoto na wenzake huko Yokohama walitengeneza vidole vya jelatini vikapita kwenye visomaji vya wakati ule. Mwaka 2013, siku chache baada ya iPhone 5s kutoka, wadukuzi wa Chaos Computer Club wa Ujerumani waliifungua kwa alama waliyoichukua kwenye glasi. Ila jiulize, kuna mtu Moshi atakayekupikia kidole cha jelatini ili aone mishahara? Nyinyi hatari yenu ni karatasi yenye nywila iliyobandikwa pembeni mwa kioo, naijua bila kufika ofisini kwenu. Kwa hatari hiyo kidole ni dawa nzuri.

Muulizeni bosi swali moja: ni kompyuta, au ni ile mashine ya mahudhurio ya mlangoni? Hiyo ni habari nyingine. Inakusanya alama za watu wote mahali pamoja, na mara nyingi aliyeifunga ndiye mwenye nywila. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa kama hizo kuwa nyeti. Mna haki ya kujua zinatunzwa wapi, nani anazifikia, na mfanyakazi akiondoka zinafutwa lini. Mwombeni awajibu kwa maandishi. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Naolewa mwezi ujao na nitapakwa piko. Kompyuta ya kazini inafunguka kwa kidole. Itanikubali? — Bibi harusi mtarajiwa, Tanga

Hongera mwanangu! Hina iliyokwisha kukolea huwa ni rangi tu, haisumbui sana. Piko ikikaa nene kwenye ncha huziba mistari. Mwambie mpakaji aache kidole kimoja tu, cha kushoto, ukisajili leo. Akikataa kwa sababu za urembo, na nadhani atakataa, hakikisha unaikumbuka PIN. Bora uwe unaingia kwa PIN hiyo mara moja moja tangu sasa, watu wanaotumia kidole mwaka mzima huisahau kabisa.

Mama, mume wangu akitaka kufungua laptopu yangu anasubiri nimelala, anachukua kidole changu anakigusisha. Nimemfuma. Kompyuta haijui kama mtu amelala? — Msomaji, Tandika

Haijui. Kidole cha aliyelala na cha aliye macho kwake ni kimoja. Futa vidole vyote: "Settings", "Accounts", "Sign-in options", "Fingerprint recognition", kisha "Remove". Weka PIN mpya yenye herufi, asikuone ukiiandika. Kama ungekuwa na Mac ningekwambia uizime kabisa kabla ya kulala, kwa sababu ikiwashwa upya hudai nywila kwanza. Windows haina ustaarabu huo, ukiiwasha tu inapokea kidole.

Hayo mengine mliyonayo ndani ya nyumba yana ukurasa wake, ugeuze mbili mbele, kwa Bi Mkubwa.