Msitu Mwekundu wa Rufiji: Mikoko Imeungua au Imekatwa?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, wataalamu waliofika kijijini kwetu walituonyesha picha mbili za setilaiti za delta ya Rufiji, zilizopigwa miaka tofauti. Katika zote mbili msitu wa mikoko ni mwekundu, na katika ya pili ukingo wake wa upande wa bahari umerudi nyuma. Wazee wanasema hakuna aliyekata miti upande huo. Je, msitu uliungua?
Msomaji, Kibiti

JIBU: Haukuungua, ndugu msomaji. Mahali palipoungua, katika picha ya aina hiyo, huonekana peusi au pa kijivu kilichokoza. Wekundu ni dalili ya majani mabichi. Chombo kilichomo ndani ya setilaiti hupima mwanga kwa mafungu yanayoitwa bendi, na mojawapo ni infraredi ya karibu, ambayo jicho letu haliioni ingawa majani yenye afya huiakisi kwa wingi. Ili tuweze kuiona, mtengenezaji wa picha huiazima rangi nyekundu. Wekundu wa mikoko kwa kawaida umekoza kuliko ule wa mpunga uliostawi, kwa sababu chini ya miti kuna tope na maji yanayomeza mwanga, na kwa tofauti hiyo ndipo msomaji wa picha huanza kuutenga msitu na mashamba.

Suala la ukingo ni gumu zaidi, na hapa wazee wenu wanastahili kusikilizwa. Setilaiti za Landsat na Sentinel-2 hupita juu ya eneo moja karibu saa ile ile kila zinaporudi, yaani saa nne asubuhi au baada yake kidogo. Wavuvi wa pwani yetu wanajua kwamba siku za bamvua, yaani mwezi mpya au mpevu, bahari inapojaa na kupwa sana, saa nne ni wakati wa kupwa, na maji hujaa mnamo saa kumi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu na bahari haipandi wala kushuka sana, mambo hugeuka, saa nne ikakuta maji yamejaa, ingawa kujaa kwenyewe si kwa kishindo. Kwa hiyo picha ya bamvua huonyesha matope yote na miti yote hadi mlilana (aina ya mkoko wa ukingoni) wa mwisho unaotazama bahari, ilhali katika picha ya maji mafu miche na miti mifupi ya ukingoni huwa imezama, na pikseli zake, yaani vijiraba vinavyounda picha, husomeka kuwa maji. Anayezilinganisha bila kujali mwezi ulikuwa na siku ngapi ataandika kwamba msitu umepungua, na ramani yake, hata ikiwa imechorwa kwa ustadi mkubwa, itakuwa imepima bahari.

Ulizeni pia ukubwa wa pikseli. Landsat za kwanza, tangu 1972, zilikuwa na pikseli za karibu mita 80. Zilizofuata zilifikia mita 30, na Sentinel-2, iliyoanza kurushwa 2015, hufikia mita 10. Ukingo uliosogea kwa upana wa pikseli moja tu si ushahidi wa jambo lolote.

Sisemi kwamba mikoko ya Rufiji haikatwi. Upande wa kaskazini wa delta imefyekwa ili kulima mpunga, lakini alama zake ni tofauti: ni mapengo ndani ya msitu, penye maji yasiyo na chumvi nyingi, na mapengo hayo hung'aa mpunga ukiwa mbichi na kugeuka kijivu baada ya mavuno. Ndiyo maana picha ya msimu mmoja haitoshi. (Pengo jeusi lenye wingu jeupe upande wake wa mashariki, hata hivyo, ni kivuli tu cha asubuhi.)

Waombeni wataalamu hao tarehe kamili za picha zote mbili, mzilinganishe na majedwali ya maji ya bandari ya siku hizo. Iwapo maji yalikuwa na kimo kimoja na ukingo bado unatofautiana, nendeni kwa mtumbwi wakati wa kupwa mkiwa na kifaa cha GPS, mkague pale palipobadilika. Mkikuta visiki, miti ilikatwa. Mkikuta magogo yaliyolala mizizi ikiwa juu, bila alama ya shoka, ufuo umeliwa na mawimbi, na maelezo ya ramani hayana budi kuandikwa upya.