Maswali ya Wasomaji: Winchester ya Baba na Winchester ya Dukani

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Marehemu baba yetu ametuachia bunduki aina ya Winchester Model 70 ya risasi za .375 H&H, ambayo aliimiliki kwa leseni na kuitumia kwa miaka mingi kuwinda nyati kwa vibali. Kaka yangu mkubwa anasema ni chuma chakavu, tuachane nayo na tununue mpya ya jina hilo hilo, kwa kuwa viwanda vya leo vina mashine bora. Mjomba naye anasema bunduki mpya zimebaki na jina tu, na kwamba ubora uliisha zamani. Nani kati yao anasema kweli? — Msomaji, Mafinga.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba. Kabla sijagusa chuma chenyewe, niseme la sheria. Bunduki hairithiwi kama jembe au ng'ombe, kwa maana leseni ilikuwa ya baba yenu peke yake na haikuwa ya familia. Ikiwa bado imo nyumbani, ipelekeni kituo cha polisi pamoja na nyaraka zake, kisha yule mnayetaka aimiliki aanze kuomba leseni kwa jina lake chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Yote nitakayoeleza hapa chini yanafuata baada ya hapo.

Kaka yako na mjomba wako wanabishana kana kwamba Winchester Model 70 ni bunduki moja yenye sura mbili, ya zamani na ya sasa, ilhali chini ya jina hilo zimepita bunduki tatu zinazotofautiana. Ya kwanza ilianza kutengenezwa mwaka 1936 mjini New Haven, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, ikaendelea hadi mwaka 1963. Ya pili ni ile ya mwaka 1964, mwaka ule ule ambao Tanganyika na Zanzibar ziliungana na Ruaha ikafanywa hifadhi ya taifa. Ya tatu ni ile iliyorudishiwa umbo la zamani katika miaka ya 1990, ambayo baada ya kiwanda cha New Haven kufungwa mwaka 2006 iliibuka tena mwaka 2008 katika kiwanda cha kampuni ya FN ya Ubelgiji huko South Carolina, Marekani, na baadaye kazi hiyo ikahamishiwa Ureno.

Kilichoipa sifa bunduki ile ya kwanza ni kulabu ndefu iliyolala ubavuni mwa bolti, yaani kile chuma kinachovutwa na kusukumwa kwa mkono ili kuingiza risasi na kutoa ganda. Haikubuniwa Marekani, bali Paul Mauser wa Ujerumani ndiye aliyeikamilisha katika bunduki yake ya mwaka 1898, mwaka ambao sisi watu wa Iringa tunaukumbuka kwa kifo cha Mtwa Mkwawa. Kazi yake ni hii: risasi inapopanda kutoka kwenye magazini, yaani kisanduku cha risasi kilicho ndani ya bunduki, ukingo wa ganda lake huteleza na kuingia chini ya kulabu kabla risasi haijaingia kwenye chemba, yaani chumba cha nyuma ya mtutu inamokaa wakati wa kupigwa, na tangu hapo bolti huwa imeishika risasi hiyo mpaka itakapotolewa. Mwindaji akisita katikati na kurudisha mkono nyuma, risasi hurudi pamoja na bolti na kuangukia nje. Bunduki ya mwaka 1964 haikuwa na kulabu hiyo. Bolti yake iliisukuma risasi ikiwa huru, na kijino kidogo kiliishika pale tu bolti ilipofungwa kabisa, hivyo mtu aliyebabaika akavuta bolti nyuma kabla ya kuifunga aliiacha risasi ya kwanza ndani ya chemba, na alipoisukuma tena risasi ya pili iligonga mgongo wa ile ya kwanza na bunduki ikakwama. Kwa mtu anayelenga shabaha za karatasi hilo ni kero ndogo. Kwa mtu aliyeko kwenye majani marefu ya Rungwa, huku nyati aliyejeruhiwa akiwa hatua ishirini mbele yake, ni jambo la kufa na kupona.

Kwa nini kiwanda kilifanya hivyo? Sababu ilikuwa gharama. Bunduki ya zamani ilihitaji kazi nyingi ya kuchonga chuma kilichofuliwa, hatua baada ya hatua, mikononi mwa mafundi wenye uzoefu, na mishahara yao ilikuwa ikipanda wakati ambapo mshindani, Remington, alikuwa ameingiza sokoni Model 700 mwaka 1962, bunduki iliyobuniwa tangu mwanzo iwe rahisi kutengeneza. Winchester wakapunguza kila kilichoweza kupunguzwa. Mkono wa bolti, ambao awali ulikuwa kipande kimoja na bolti yenyewe, ukawa wa kuungwa, na nakshi za kitako cha mti cha bunduki, zilizokuwa zikichongwa, zikawa za kugandamizwa kwa mashine kama muhuri. Wanunuzi walilalamika mara moja, na tangu hapo bunduki zilizotengenezwa kabla ya mwaka huo zikawa na bei yake ya peke yake. Niwe mwadilifu lakini: bolti ile mpya ilikuwa imara, kwa sababu kichwa chake kilikizunguka kitako cha ganda pande zote, na bunduki nyingi za kipindi hicho zilipiga shabaha vizuri. Kilichopotea ni ule uhakika wa kulisha risasi, pamoja na ile heshima ya kazi ya mkono.

Kwa hiyo mjomba wako yuko sahihi kuhusu mwaka 1964, lakini amekosea kuuvuta mwaka huo hadi leo. Bunduki zilizotengenezwa tangu mwaka 2008 zina kulabu, na katika mambo kadhaa naziona zimeipita ile ya baba yenu ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Mitutu yake hufuliwa ikiwa baridi kwa mashine za nyundo juu ya mhimili wenye umbo la mifereji ya ndani ya mtutu tayari, hivyo mtutu mmoja hautofautiani sana na mwingine. Zile za mwanzo kabisa, za kabla ya Vita Kuu ya Pili, hazikutobolewa hata mashimo ya darubini kwenye daraja la nyuma, yaani sehemu ya nyuma ya mwili wa bunduki inapofungwa darubini, na nimewahi kuona moja iliyotobolewa kienyeji baadaye, ambayo darubini yake ilitazama pembeni kama mtu mwenye makengeza. Mpya hazina tatizo hilo.

Kuna mahali pamoja ambapo bado naipendelea ya zamani, napo ni kwenye kifyatulio. Kile cha zamani ni vipande vichache vilivyokaa wazi, na vumbi likiingia hudondoka lenyewe, na kikilowa hukauka. Kipya, kilicholetwa mwaka 2008, kimefunikwa ndani ya kisanduku, na kinafyatuka safi zaidi chini ya kidole, jambo ambalo mlenga shabaha atalifurahia; lakini uchafu ukishapenya ndani hautoki kwa urahisi, na vumbi la Usangu mwezi wa Oktoba hupenya hata kwenye saa ya mkononi.

Ama ule ulaini wa bolti ambao wazee husifu, wakisema inateleza kama kisu kwenye siagi, ni vyema tujue unakotoka. Sehemu yake ni kazi ya kiwandani, lakini sehemu kubwa ni miaka sitini ya mkono wa mtu kuivuta na kuisukuma, na ukiichukua mpya ukaifanyisha kazi hiyo kwa jioni mia moja huku haina risasi na ina mafuta kidogo, nayo itaanza kuteleza. Vilevile tusisahau kwamba bunduki za zamani tunazoziona leo ni zile zilizosalia. Zilizopinda, zilizopasuka na zilizotoka kiwandani zikiwa mbovu zilishatupwa, na hakuna anayezikumbuka.

Sasa tuje kwa ya baba yenu. Tazameni kwanza namba iliyogongwa kwenye mwili wa bunduki. Ikiwa chini ya 700,000, ni ya kabla ya 1964. Kuanzia namba hiyo na kuendelea ni ya baadaye. Kisha mpeni fundi bunduki mwenye leseni aikague, na mwombeni atazame hasa ndani ya mtutu, kwa kuwa fataki, yaani viwashio vilivyo kitakoni mwa ganda, za risasi nyingi za zamani ziliacha chumvi inayokula chuma, na mtu ambaye hakusafisha siku ile ile aliacha vishimo ambavyo hakuna mafuta yatakayoviziba. Apime kwa geji nafasi iliyopo kati ya bolti na kitako cha risasi. Avue mtutu kutoka kwenye kitako na kutazama mbao iliyo nyuma ya kile kisigino cha chuma kinachopokea teke la bunduki, kwa maana .375 hurusha kichwa cha takriban gramu 19 kwa nguvu kubwa, na kitako cha mti mkavu huanza kupasuka hapo kabla ufa haujaonekana kwa nje. Mwisho, apitishe risasi bandia kutoka magazini, mara kwa kasi na mara polepole sana, na nyingine bunduki ikiwa imelala ubavu. Ikipita haya yote, sioni mpya ya kununuliwa dukani ambayo ningebadilishana nayo. Mtutu ukiwa umeliwa, kaka yako ana hoja, na mpya yenye kulabu haitawaaibisha.

SWALI: Bunduki yangu ya zamani ina kitako cha mti wa walnati. Nikiitoa hapa Tukuyu na kushuka nayo Usangu, haipigi pale nilipoirekebisha. Je, mpya zenye kitako cha plastiki zina ubora kuliko hizi? — Msomaji, Tukuyu.

JIBU: Kwa jambo hilo moja, ndiyo. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na mti hunywa unyevu huo, huvimba na kuusukuma mtutu upande mmoja. Ukishuka kwenye joto kavu la bonde unasinyaa, na shabaha inahama tena. Kitako cha plastiki ngumu au cha mbao nyembamba zilizogundishwa kwa tabaka hakina tabia hiyo. Lakini kabla hujanunua bunduki nyingine, mwombe fundi apake laki ndani ya kitako, mahali mtutu unapolala, kwa sababu wengi hung'arisha nje tu na kuacha ndani mti mtupu. Na shabaha irekebishe huko huko utakakowindia.

SWALI: Nimetumia Brno ZKK 602 kwa muda mrefu, na sasa nimepata nafasi ya kununua CZ 550 kutoka kwa mwenye leseni. Watu wananiambia ni kitu kile kile. Ni kweli? — Msomaji, Chunya.

JIBU: Ni ndugu wa tumbo moja, na zote ni za Wacheki waliofuata njia ya Mauser. Nilizozishika mimi za CZ 550 zilikuwa imara sawa na kaka yake, ila zilikwaruza zaidi mwanzoni na zilihitaji fundi kulainisha njia ya risasi. Tofauti inayonitia wasiwasi kwa mtu kama wewe haiko kwenye ubora. Katika ZKK nyingi kitufe cha usalama hurudishwa nyuma ili bunduki iwe tayari kupiga. Katika CZ 550 husukumwa mbele. Mkono wako umezoea kuvuta nyuma kwa miaka mingi, na utafanya hivyo bila kufikiri. Ukiichukua, fanya mazoezi bila risasi, ukiinyanyua bunduki begani na kusukuma kidole mbele, kila siku kwa mwezi mzima, na ile ya zamani usiichukue porini hata mara moja katika kipindi hicho.