Una mimba na unatumia dawa za sonona? Usizitupe kwanza

Nilipoona mistari miwili kwenye kipimo, wazo la kwanza lilikuwa kutupa vidonge vyangu chooni. Aliyenizuia ni muuguzi wa kliniki ya afya ya akili nilikokuwa nachukulia dawa: "Mdogo wangu, usiache leo. Njoo tuongee na daktari kwanza." Mimba yote niliibeba nikiwa natumia sertralini, dawa yangu ya sonona. Nawaandikia niliyoyapitia na niliyoelezwa. Uamuzi wako ufanye na daktari anayekujua.

Tuseme ukweli: dawa inamfikia mtoto. Dawa zote za sonona hupita kwenye kondo la nyuma, ingawa viwango vinatofautiana, na sertralini ni kati ya zinazopita kidogo. Ila wanaokuambia unamlisha mtoto sumu wanasahau kwamba ugonjwa nao unamfikia. Mama mwenye sonona isiyotibiwa chakula hali, usingizi hapati, kliniki haendi, vidonge vya kuongeza damu vinabaki kwenye pakiti. Hatari ya kujifungua kabla ya wakati inaongezeka, na wapo wanaofikia kutaka kujiua.

Nilimuuliza daktari, nikiacha je? Akanitajia utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 uliowafuatilia wajawazito waliowahi kuugua sonona: walioacha dawa, asilimia 68 walirudiwa na ugonjwa mimba ikiwa bado tumboni, walioendelea, asilimia 26. Hapo ndipo historia yako inapokuwa na uzito. Mwenye sonona nyepesi aliyekaa vizuri muda mrefu anaweza kupunguziwa dozi taratibu akaendelea na unasihi peke yake. Mimi niliwahi kulazwa, kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nyingine.

Kuhusu kasoro za kuzaliwa, mimba yoyote ile, hata ya asiyegusa Panadol, ina uwezekano wa kama asilimia 3. Utafiti wa mwaka 2014 uliohusisha wajawazito zaidi ya 900,000 huko Marekani haukuona ongezeko kubwa la kasoro za moyo linalotokana na dawa za sonona. Kati ya dawa za sonona, paroksetini ndiyo madaktari wengi huikwepa mwanzoni mwa mimba. Dawa ya kuogopa kwelikweli ni valproati, ambayo hupewa wagonjwa wa kifafa na wa bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi): hiyo inaweza kuharibu ubongo na uti wa mgongo wa mtoto. Ukiwa unaitumia, muone daktari kabla hujashika mimba, na usiikatishe mwenyewe.

Sasa mambo ya kliniki ya wajawazito. Nesi mmoja alisoma jina la dawa yangu kwa sauti, benchi zima likageuka. Niliumia. Hata hivyo nawashauri dawa iandikwe kwenye kadi. Omba tu kuzungumza faragha. Sababu yake utaiona siku ya kujifungua.

Takriban theluthi ya watoto ambao mama zao walitumia dawa za sonona hadi mwisho wa mimba huonyesha dalili baada ya kuzaliwa: kutetemeka, kulia sana, kuhema haraka, kunyonya kwa shida. Mara nyingi huanza ndani ya siku mbili za mwanzo na kuisha zenyewe ndani ya wiki mbili. Wangu, kila nikimfungua kanga, mikono ilikuwa inatetemeka na kidevu kinacheza. Mama wa kitanda cha pili akasema ni degedege. Mkunga akaangalia kadi, akampima sukari, akasikiliza kifua, akaniambia tubaki wodini tuangaliwe zaidi. Bila yale maandishi kwenye kadi angeanza kutafuta ugonjwa gizani. Kuna pia tatizo la presha kwenye mapafu ya mtoto, nadra sana, kama watoto 3 kwa kila 1,000, badala ya 2 kwa mama wasiotumia dawa hizi. Lakini likitokea linahitaji oksijeni papo hapo, kwa hiyo kujifungulia nyumbani kusiwe kwenye mipango yako.

Usishtuke daktari akikuongezea dozi miezi ya mwisho. Damu inakuwa nyingi mwilini na ini linaichuja dawa haraka zaidi, hivyo kidonge kilekile hupungua nguvu.

Kunyonyesha inawezekana. Sertralini inayoingia kwenye maziwa ni kidogo sana, na mama mkwe aliyetaka nimpe mwanangu maziwa ya kopo nilimpeleka akaongee na daktari mwenyewe.

Jambo ambalo wengi hawalipangi ni dawa za kipindi cha arobaini. Hizo wiki ndizo sonona hupenda kurudi, na ndizo unazokuwa umefungiwa ndani. Uliza mapema kama kliniki yako inakubali kumpa mtu mwingine dawa zako. Yangu ilikubali, mume wangu alienda na kadi yangu na boksi tupu la dawa, ili asije akaletewa nyingine.