Kuchanganya GPL na Apache kwenye programu moja

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuunganisha maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa, wa kutumia ndani ya programu nyingine) yenye leseni ya GPL toleo la 2, inayodai ukigawa programu utoe na msimbo wake, na nyingine yenye leseni ya Apache 2.0 kwenye programu utakayoigawa. Kabla ya lolote, fungua faili za msimbo chanzo za hiyo ya GPL, usome maelezo ya juu kabisa. Ukikuta yanaruhusu "toleo la 2 au lolote la baadaye", umepona: chagua toleo la 3, la mwaka 2007, linalopatana na Apache 2.0, kisha programu nzima uitoe kwa GPL 3.

Ikiwa ni toleo la 2 peke yake, kama kiini cha Linux, tafadhali usiigawe programu hiyo ya mchanganyiko. Free Software Foundation, walioiandika GPL, wanayahesabu masharti ya Apache kuhusu hataza (haki za uvumbuzi) kuwa vikwazo vya ziada, na GPL 2 hairuhusu kuongezewa vikwazo. Mwombe mwenye hakimiliki ruhusa, au tafuta maktaba nyingine.

Ukiitumia mwenyewe tu, hufungwi. Sharti la kutoa msimbo huanza unapogawa. Ila AGPL, leseni ndugu ya GPL, iangalie kwa makini: ukiibadilisha programu yake, hata wanaoitumia kupitia mtandao tu wana haki ya kupata msimbo wako.